Baiskeli ya kumfundishia mtu si ile ya kubebea madafu

Watu wazima wasiojua kuendesha baiskeli hapa Pwani ni wengi kuliko tunavyokubali. Wengi wao ni akina mama na wasichana, na sababu si uvivu. Kijana wa kiume alijifunza kwa baiskeli ya babake au ya muuza mkate wa mtaani, akianguka na kuinuka mbele ya wenzake, na magoti yaliyochubuka yakawa ni mambo ya kucheka. Dadake alibaki mlangoni akitazama. Miaka 20 baadaye dada huyo ni mwalimu wa chekechea, au mhudumu wa afya ya jamii anayezunguka nyumba kwa nyumba huko bara ya Kilifi au Kwale, au ni mama anayepeleka mahamri dukani alfajiri, na nauli ya bodaboda inamla faida yote. Sasa anataka kujifunza. Na wa kumfundisha wapo: vijana wa mtaa, wenzake wa chama, kaka mtu mwenye subira. Kinachokosekana ni baiskeli inayofaa.

Hapo ndipo pesa za watu hupotea. Kikundi kinachanga, mtu anatumwa sokoni na maneno mawili tu, "lete baiskeli nzuri," naye anarudi na baiskeli nzuri kweli: mpya, ngumu, yenye keria ya kubeba gunia. Wiki ya kwanza wanawake sita wanaijaribu. Wa pili anaanguka nayo, inamwangukia mguuni, na wanne waliobaki wanasema watakuja kesho. Baiskeli inaishia kubeba maji. Haina kosa lolote ile baiskeli, ila ilinunuliwa kwa kazi isiyokuwa yake.

Tuanze na hiyo hiyo, maana ndiyo ya kwanza kuingia akilini mwa kila mtu. Ile baiskeli nyeusi ndefu ambayo Kenya nzima inaiita Black Mamba ina asili ya Uingereza, na baadaye ikawa inatengenezwa India na China. Sina ubaya nayo. Imebeba madafu, mitungi ya maji, makaa na samaki kutoka Vanga hadi Lamu bara, na imesomesha watoto wengi. Lakini magurudumu yake ni ya inchi 28, uzito wake ni kiasi cha kilo 20 au zaidi, bomba lake la juu limepita usawa wa nyonga za wanawake wengi, na breki zake za vyuma zinataka mkono wenye nguvu. Vijana walijifunza nayo kwa sababu hawakuwa na nyingine, tena wengi wao kwa kupitisha mguu ndani ya fremu, chini ya bomba, mwili umepinda kama ndoana. Kwamba waliweza si hoja ya kumtaka mama wa miaka 40 aliyevaa buibui naye aanze hivyo hivyo.

Vivyo hivyo kwa baiskeli za mzigo za kisasa, kama zile za Buffalo ambazo zimesambazwa sana vijijini Kenya. Ni imara, zimeundwa kwa barabara za vumbi na mizigo mizito, na mhudumu wa afya akishajua kuendesha hatapata rafiki bora. Kwa siku ya kwanza, hapana. Uzito ule ule unaozifanya zidumu ndio unaomtisha asiyejua.

Ili kuchagua vizuri ni lazima kwanza tuelewe mwanafunzi anajifunza nini hasa. Watu wengi hudhani ni kukanyaga pedeli. Kukanyaga si kazi. Mtoto wa miaka mitatu anakanyaga baiskeli ya magurudumu matatu bila kufundishwa. Kinachofundishwa ni mizani: kuhisi baiskeli inalalia upande gani na kugeuza usukani kidogo kuelekea upande huo huo, ili magurudumu yarudi chini ya mwili. Jambo hili haliingii kwa maneno. Mwili hulishika wenyewe, ukipewa nafasi ya kulijaribu mara nyingi bila hofu.

Historia yenyewe inatuonyesha mpangilio. Mwaka 1817 Mjerumani Karl von Drais alitembeza mjini Mannheim chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, usukani na kiti, bila pedeli. Mtu alikaa akajisukuma kwa miguu kama anayekimbia. Pedeli zilikuja kushika baadaye, katika miaka ya 1860 kule Ufaransa. Kwa muda wa kizazi kizima watu walijua mizani kabla ya kujua kukanyaga, na walimu wa baiskeli sehemu nyingi duniani wamerudi kwenye mpangilio huo: ondoa pedeli, teremsha kiti mpaka nyayo zote mbili zilale chini, mwache mwanafunzi ajisukume. Akiweza kuinua miguu na kuteleza hatua kumi bila kugusa chini, kazi kubwa imekwisha.

Kutokana na hilo, sifa ya kwanza ya baiskeli ya kufundishia ni kiti kinachoshuka sana. Mwanafunzi akikaa, nyayo zake zote zigote ardhini na magoti yapinde kidogo. Ncha za vidole hazitoshi. Aliyeshika ardhi kwa ncha za vidole bado anaogopa, na mwenye kuogopa hukaza mabega na kushupaza usukani, na usukani ulioshupazwa ndio unaoangusha. Kwa mpanda baiskeli mzoefu, kiti cha chini namna hii ni kibaya, kinachosha magoti. Ndiyo maana baiskeli inayompendeza fundi au kijana anayekuchagulia huenda ikawa siyo. Yeye anaipima kwa miguu yake.

Ya pili ni fremu iliyo wazi, ile watu huiita baiskeli ya kike. Isiwekwe kando na wanaume kwa sababu ya jina. Mzee wa miaka 60 anayejifunza, mwenye goti bovu, anaihitaji kuliko msichana. Faida yake ni kwamba mtu akiona anaanguka hutoka kwa hatua moja tu, bila kuvusha mguu juu ya bomba. Ukishajua kwamba unaweza kutoka, unapoteza nusu ya woga.

Fremu hiyo ilitoka wapi? Mwisho wa karne ya 19, wanawake wa Ulaya na Marekani walipoanza kupanda baiskeli, walikuwa na magauni yanayofagia sakafu. Waundaji wakakunja bomba la juu likashuka chini, wakafunika mnyororo, wakafunga wavu juu ya gurudumu la nyuma ili gauni lisinyonywe na spoku. Baiskeli za Uholanzi bado zina vifuniko hivyo mpaka leo. Kwa hiyo anayesema vazi la stara na baiskeli haviendi pamoja ajue kwamba tatizo hilo lilikwisha kutatuliwa kwa bati na uzi zaidi ya miaka 100 iliyopita. Huko huko Uholanzi, wanawake waliohamia kutoka Moroko, Uturuki na Somalia wamekuwa wakifundishwa baiskeli ukubwani, wengi wakiwa na mitandio na mavazi yao marefu. Bibi wa Kisauni au Matondoni hana la kumzuia ambalo wao hawakuwa nalo.

Ila vifuniko hivyo viwepo kweli, na hili nalisisitiza. Mnyororo ulio wazi na buibui ni hatari halisi, siyo ya kubuni. Upindo ukiingia kwenye meno, gurudumu linakwama ghafla na mtu anaenda chini na usukani. Kama baiskeli haina kifuniko, fundi yeyote wa mabati anaweza kukata kipande akakifunga kwa nati mbili. Gurudumu la nyuma lizibwe kwa wavu. Juu ya hayo, mwanafunzi avae suruali ndani, afunge upindo kwa pini au ukanda, na mtandio usining'inie. Viatu viwe vya kufunga. Champali hutoka mguuni wakati mbaya kabisa.

Sasa ukubwa. Magurudumu hupimwa kwa inchi. Kwa mtoto wa miaka minne hadi sita, inchi 16 hufaa mara nyingi. Wa sita hadi tisa, inchi 20. Anayekaribia ujana, inchi 24. Umri lakini hudanganya, urefu wa mguu ndio kipimo. Mzazi wa Pwani hupenda kununua kubwa "ataikulia", kama anavyonunua sare ya shule. Sare kubwa haimwangushi mtoto. Baiskeli kubwa humwangusha, na mtoto aliyeumia mara mbili hukua akiichukia.

Kwa mtu mzima watu hudhani ni lazima inchi 26 au 28. Si lazima. Kama una nafasi ya kununua baiskeli moja tu ya kufundishia watu wa vimo mbalimbali, mimi ningechagua ile ya kukunja, yenye magurudumu ya inchi 20 na bomba refu la kiti. Wengi huidharau, huiona kama kitu cha kuchezea. Lakini fremu yake iko chini, kiti chake hushuka kwa mtoto wa darasa la nne na kupanda kwa mwanamume mrefu, na kwa kawaida hukazwa kwa mkono bila spana, kwa hiyo katika saa moja wanafunzi watano wa vimo vitano wanaweza kupokezana. Tena inaingia ndani ya tuktuk. Kasoro yake ni kwamba usukani wake ni mwepesi, unageuka kwa kuguswa tu. Wengine huzoea dakika za kwanza, wengine huwapa taabu siku nzima.

Chaguo la pili, na pengine rahisi kulipata mji wa bandari kama Mombasa, ni baiskeli za mtumba kutoka Japani na Ulaya. Zile za Kijapani za akina mama wa kwenda sokoni, zenye kikapu mbele, fremu iliyopinda chini na mnyororo uliofunikwa, ni kama zilitengenezwa kwa kazi hii. Usukani wake umerudi nyuma, mtu anakaa wima akiona anakoenda. Kuna za inchi 24 na za inchi 26. Kwa wanawake wengi chukua ya 24. Ya 26 iwe ya pili, kikundi kikipata nguvu.

Kuna baiskeli nisizopendekeza hata zikipewa bure. Zile za mbio, zenye usukani uliopinda chini kama pembe, na tairi nyembamba. Zile za milimani zenye springi mbele na nyuma, nzuri kwa macho, nzito, na za bei nafuu springi zake huyumba tu. Na gia nyingi hazimsaidii anayeanza. Gia moja yatosha, au tatu. Mwanafunzi ana mambo matatu ya kufikiria tayari. Umwongezee la nne kwa nini?

Na magurudumu madogo ya pembeni? Watoto wengi wa mitaani wameanza nayo. Tatizo ni kwamba yanaizuia baiskeli isilalie upande, na kulalia upande ndiko kunakofundishwa. Mtoto aliyeendesha nayo mwaka mzima amejifunza kukanyaga na kupiga breki, na siku yakitolewa anaanza mizani kutoka sifuri, pengine nyuma ya sifuri, maana amezoea kugeuza usukani kama wa gari. Yatoe, toa na pedeli, na kiti kiteremshe.

Kutoa pedeli kuna siri yake. Spana ya namba 15 ndiyo inayotumika kwa nyingi. Pedeli ya kulia hufunguka kama nati ya kawaida, lakini ya kushoto ina hesi za kinyume, na mwenye nguvu asiyejua huikaza mpaka akaharibu mkono wa chuma. Njia ya kukumbuka bila kuumiza kichwa: weka spana isimame juu ya pedeli, kisha ivute kuelekea nyuma ya baiskeli. Pande zote mbili hufunguka hivyo. Kukaza, sukuma kuelekea mbele.

Kabla ya kuzitoa, tazama breki, na hapa naomba umakini. Baiskeli nyingi za Ulaya, na hata za mzigo za vijijini, zina breki ya nyuma inayofanya kazi kwa kukanyaga pedeli kinyume. Ukitoa pedeli za baiskeli kama hiyo, na kama haina breki ya mkono, umemkalisha mtu kwenye chombo kisicho na breki kabisa. Kwa kufundishia, tafuta yenye breki mbili za mkono, na vishikio vyake viwe karibu vya kutosha vidole vifupi kuvifikia. Vingi vina skrubu ndogo ya kuvisogeza, ambayo hata mafundi huisahau. Halafu jaribu ujue upi ni upi. Kwa mtindo wa Kiingereza na wa Kijapani mkono wa kulia ndio breki ya mbele, lakini nyingi zinazotoka Ulaya bara zimefungwa kinyume. Mwanafunzi akizoezwa kwa moja kisha akapewa nyingine, atabana ya mbele akidhani ni ya nyuma. Zifungwe zote namna moja.

Adui wa mwisho ni chumvi. Hewa yetu ya bahari inakula chuma mchana na usiku, na sehemu ya kwanza kushikana ni bomba la kiti ndani ya fremu, mahali pale pale panapotakiwa pateleze. Kwa hiyo ukienda kununua, usianze na rangi wala kengele. Mambo huwa hivi:

"Fundi, hebu niteremshie kiti hiki mpaka chini."

"Kiko sawa hapo, mamangu. Kimo chako hicho."

"Si mimi nitakayeipanda, babangu. Teremsha tu nione."

Ikiwa anaanza kutafuta nyundo, asante, tafuta nyingine. Kiti kilichogandia mara nyingi hakitoki bila kuharibu kitu, na baiskeli yenye kiti kisichoshuka haifai kwa kazi hii hata ikiwa na uzuri wa namna gani. Kikishuka, mwambie akitoe kabisa, alipake grisi bomba, akirudishe. Kisha zungusha magurudumu uone kama rimu inayumba, bana breki huku ukiisukuma mbele, shika usukani uugeuze kulia na kushoto polepole; ukiwa na mahali unaposhika na kuachia, mwanafunzi atalaumiwa kwa kosa la bearingi. Spoku zenye kutu ziangaliwe pale zinapoingia kwenye rimu. Kutu ya juu juu kwenye fremu haina neno.

Tairi ziwe pana, kiasi cha inchi moja na robo tatu hadi mbili, na zijazwe kwa kadiri iliyoandikwa ubavuni mwake. Tairi iliyolegea hufanya baiskeli iburute, na mwanafunzi akashindwa kupata mwendo wa kuinua miguu. Kwa sababu hiyo hiyo, msifundishie kwenye mchanga mlaini wala nyasi ndefu, ingawa watu hudhani ni salama zaidi kuangukia. Mwendo ndio unaoleta mizani. Kiwanja cha shule chenye udongo mgumu na mteremko mdogo sana ndicho bora. Walio Diani, Malindi au Shela wana uwanja mwingine wa bure: ufuo maji yakipwa, mchanga ukiwa mbichi na mgumu. Ni mahali pazuri sana, pana na hapana magari, lakini baiskeli ioshwe kwa maji baridi siku ile ile, ifutwe, mnyororo utiwe mafuta. Ukiiacha mpaka wiki ijayo utakuta mnyororo umekuwa mwekundu.

Helmeti moja ya kurekebishika inunuliwe pamoja na baiskeli, na kitambaa safi cha kuvaa ndani yake maana watu watapokezana. Kama pesa ni kidogo, punguza kwenye baiskeli, chukua iliyotumika zaidi, lakini helmeti isiachwe.

Linabaki swali la baada. Mwanafunzi akishateleza mita 20 bila kugusa chini, rudisha pedeli, lakini kiti kiache pale pale chini kwa siku mbili tatu. Akitulia, kipandishe kwa vidole viwili, kisha viwili tena, mpaka mguu ukaribie kunyooka pedeli ikiwa chini. Hapo baiskeli ya kufundishia imeanza kuwa ndogo kwake, na hiyo ndiyo siku ya kumpeleka akapande ile nzito yenye keria, akiwa na mtungi mtupu kwanza, kabla ya ule uliojaa. Ile ndogo irudi kiwanjani, kiti kiteremshwe, aje mwengine.